Maua ya juhua: meupe au ya manjano kwa macho?

Swali: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kuhusu juhua, yaani maua ya krisanthemamu yanayotumika katika tiba asilia ya China. Je, meupe na ya manjano hufanya kazi moja, na macho mekundu yaliyochoka yanafaa yapi?

Jibu: Hayalingani. Waganga wa China huhesabu juhua kuwa dawa ya kupoza, yenye utamu na uchungu, inayoelekezwa kwenye ini na mapafu. Ya manjano, ambayo ni machungu zaidi, hutolewa mafua yenye homa na maumivu ya kichwa yanapoanza, ilhali meupe, hasa ya Hangzhou, hupendelewa kwa macho, mara nyingi pamoja na gouqi, yale matunda madogo mekundu yaliyokaushwa. Yakimwagiwa maji ya moto, maua hufunguka taratibu na maji hugeuka manjano hafifu. Kipimo cha kawaida ni gramu 5 hadi 10 kwa siku.

Jibu: Kwangu tahadhari ni muhimu kuliko rangi. Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti asiyatumie, na waganga wenyewe humkataza anayeharisha kwa tumbo baridi. Jicho likiuma sana au uoni ukififia ghafla, tafadhali muone daktari wa macho siku hiyohiyo.