Chuo kiko konferensi moja, timu yake ya makasia iko nyingine: tufuate ipi?

MwanaKirumba: Wakuu, kuna mabinti wawili wa kidato cha sita hapa Mwanza, wazuri kwenye mashindano ya mitumbwi. Wanataka kuomba vyuo vya Marekani vyenye makasia. Waangalie konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja) ya chuo au ya timu? Na ufadhili unatoka wapi?

Ghuba_Asubuhi: Mkuu, fuata ya timu. Konferensi nyingi hazina makasia, hivyo timu hiyo peke yake huomba uanachama kwingine. Alabama na Tennessee ni vyuo vya konferensi ya SEC, lakini kwa miaka kadhaa wapiga makasia wao walishindana kwenye konferensi nyingine, Big 12. Texas na Oklahoma vilipohamia SEC 2024 wakatimia vyuo vinne, na 2025 SEC ikaandaa ubingwa wake wa kwanza wa makasia. Idadi ina uzito: kwa kawaida konferensi inahitaji vyuo sita vyenye mchezo huo ndipo bingwa wake aingie moja kwa moja fainali za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Vikipungua, timu inasubiri kuchaguliwa na kamati. Fainalini, kwa Division I (daraja la juu la NCAA), kila chuo hupeleka mashua mbili za wanane na moja ya wanne, pamoja na washika usukani: wasichana 23. Vikosi ni vikubwa, kwa hiyo hata asiyewahi kugusa kasia anaweza kupokelewa.

Mshika_Usukani: Ufadhili hutoa chuo, si konferensi. Ila Ivy League, konferensi ya vyuo kama Harvard na Yale, wamekubaliana kutotoa ufadhili wa michezo. Msaada wao hupimwa kwa kipato cha familia. Division III, daraja la tatu la NCAA, nayo haitoi ufadhili wa michezo. Na kaka zao wajue kwamba makasia ya wanaume hayako NCAA. Ubingwa wao ni wa IRA, chama cha makasia ya vyuo, ulioanza 1895.

Ghuba_Asubuhi: La mwisho, kafi si kasia. Kwenye mtumbwi unatazama mbele na nguvu inatoka mabegani na kiunoni. Kwenye kasia unaipa mgongo njia, kiti kinateleza, miguu ndiyo inasukuma. Kocha ataomba muda wa mita 2000 kwenye mashine ya kupigia makasia. Mfano, dakika 7:30 ni sekunde 112.5 kwa kila mita 500. Kosa kubwa ni kuweka wenzo wa upepo wa mashine (unaoongeza uzito wa kuvuta, 1 hadi 10) kwenye 10 wakidhani ndiyo nguvu: mgongo unachoka kabla ya miguu. Waanzie 3 au 4, na mita 500 za kwanza wasikimbilie.