Nguzo za taa za sola mtaani: mita 6 au mita 9?

Swali

Habari zenu, wakuu. Kamati ya mtaa wetu hapa Tanga imechangisha fedha za kuweka taa za sola kwenye barabara ya vumbi yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 300. Fundi anashauri nguzo za mita 9 kwa hoja kwamba zitatosha 11, ilhali za mita 6 zitahitajika 16, na taa atakazofunga ni zilezile. Je, hoja yake ina mashiko?

Jibu la 1

Mkuu, idadi ameipata sawasawa, kwa kuwa kwa kawaida umbali kati ya nguzo na nguzo huwa mara tatu hadi nne ya kimo cha taa. Kasoro iko kwenye hilo neno "zilezile". Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo taa iliyopandishwa kutoka mita 6 hadi mita 9 huacha chini yake mwanga usiofika nusu ya ule wa awali. Kuufidia kunadai taa yenye nguvu zaidi ya mara mbili, na kwa sola maana yake ni betri kubwa na paneli pana, ambayo huko juu itashika upepo kama tanga la jahazi na kulazimisha nguzo nene na msingi mzito. Kwa barabara yenu, mita 6 zinatosha.

Jibu la 2

Naafiki, ila mhakikishe hizo mita 6 zinahesabiwa kutoka ardhini, maana nguzo ya mita 6 ikizikwa mita 1.2 inabaki na mita 4.8 tu. Angalieni na miti. Kwetu nguzo moja ilisimikwa mwembe ukiwa umetoka kupogolewa. Ulipochipua, kivuli kikawa kinaifunika paneli tangu saa nane mchana, na taa ikawa inazimika saa nne usiku. Ilibidi tuihamishe nguzo.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Suala la kuzika nguzo halikuwemo kabisa katika makadirio ya fundi. Isitoshe, ngazi ndefu kuliko zote mtaani inafika mita 6, na betri zitahitaji kubadilishwa siku moja. Tumekubaliana afunge kwanza taa moja kwenye mlingoti wa muda, tuitazame usiku usio na mbalamwezi kabla ya kulipa chochote.