Bosi anataka semina ya siku moja ya ujumuishi, mimi naona haitatufikisha popote. Mnanishauri nini?

Karani_Mkuu

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo idara ya rasilimali watu kwenye kampuni ya ukubwa wa kati. Mwenye kampuni amerudi kutoka mkutano wa wafanyabiashara akiwa na ajenda mpya: sehemu ya kazi inayojumuisha watu wa aina zote. Ameniagiza niandike mpango, ila jibu analo tayari mfukoni. Semina ya siku moja, mahudhurio ni lazima, picha zipigwe, zipandishwe kwenye tovuti.

Hali halisi ni hii. Ngazi ya chini tumechanganyika vizuri tu. Ukipanda juu, wakuu wa idara wote ni wanaume wa rika moja, na wengi waliletana wenyewe. Nafasi ikitokea, tangazo hubandikwa jina likiwa limeshapatikana. Tuna mhasibu kiziwi, kichwa kwelikweli. Kwenye vikao hukaa mbele ili asome midomo, halafu meneja anageukia ubao na kuandika huku anaongea. Watu wakicheka, naye hucheka, akiwa amechelewa kidogo. Hakuna anayemuuliza amekosa nini. Na muhtasari wa kikao lazima aandike mwanamke, hata kama mle chumbani cheo chake ndicho kikubwa.

Nikisema semina haitoshi nitaonekana mpinzani. Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Usaili

Mkuu, wewe si mpinzani. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichambua takwimu za miaka 30 kutoka kampuni zaidi ya 800 za Marekani, wakachapisha mwaka 2016. Mafunzo ya lazima kwa mameneja hayakuongeza watu wa makundi yaliyoachwa nyuma kwenye uongozi, na kwa baadhi ya makundi idadi ilishuka. Mtu mzima ukimlazimisha kukaa darasani aambiwe yeye ni mbaguzi, anatoka na kisirani. Vilivyoonekana kusaidia ni semina za hiari, wakubwa kupewa vijana wa kuwalea kikazi, na kamati inayokutanisha wakuu wa idara waulizane kwa nini namba zao zimekaa vile.

Mimi ningeanzia mlangoni, yaani kwenye usaili. Maswali yaleyale kwa kila mwombaji, kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama zake peke yake kabla ya mjadala. Hilo la mwisho usilegeze. Mkubwa akishatangulia kusema "huyu kijana nimempenda", usaili umekwisha, waliobaki wanasaini tu.

Chuma_cha_Pua

Nitaongea ukweli hata kama unauma. Biashara si shirika la hisani. Ajiri mwenye sifa, basi. Mkianza kuhesabu nani mwanamke, nani mlemavu, mtaleta watu wa kujazia nafasi, na wenzao watawadharau.

Binti_Hesabu

@Chuma_cha_Pua hiyo "mwenye sifa" ndiyo tunayoitafuta. Watafiti Bertrand na Mullainathan walituma wasifu karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago, matokeo yakatoka 2004. Majina yaligawiwa kwenye wasifu kwa bahati nasibu, kwa hiyo sifa hazikutofautiana. Wenye majina yanayosikika ya Kizungu, akina Emily na Greg, walipigiwa simu kwa takriban asilimia 50 zaidi ya akina Lakisha na Jamal, majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Hakuna aliyekuwa ameonekana hata sura. Sifa gani ilipimwa hapo?

Na msikimbilie kompyuta mkidhani haina upendeleo. Mwaka 2018 Reuters waliripoti kwamba Amazon iliachana na programu yake ya kuchuja wasifu. Ilijifunza kutoka kwenye wasifu wa miaka 10 ya nyuma, ambao wengi ulikuwa wa wanaume, ikaanza kuwapunguzia alama wanawake.

Kwenye la kudharauliwa una hoja, nakupa. Mtu akiwa peke yake kwenye kundi, kila kosa lake linakuwa kosa la watu wake wote. Mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter aliliandika hilo tangu 1977. Ila dawa yake ni kutomwacha awe peke yake.

Magurudumu_Mawili

Natumia kiti mwendo, kwa hiyo nitaongelea la mhasibu. Muulizeni mwenyewe! Faragha, si mbele ya kikao. Wengine watakurupuka kukodi mkalimani wa lugha ya alama kumbe yeye haitumii. Kusoma midomo kunachosha na hakutoshi: "pata" na "bata" midomo yake ni ileile. Ajenda itumwe mapema, anayeongea atazame watu, waongee mmoja mmoja, maamuzi yaandikwe palepale. Hakuna hata kimoja hapo cha kuombea bajeti.

Bosi akidhani ni fadhila, mwelezeni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 27. Mazingira ya kazi kurekebishwa ni haki ya mfanyakazi.

Mchapakazi

Muhtasari uende kwa zamu, kwa kufuata alfabeti, wakurugenzi wakiwemo. Utashangaa vikao vitakavyokuwa vifupi 😂

Karani_Mkuu

@Mchapakazi umenichekesha, lakini hiyo naichukua. Wengine, asanteni. Sasa huyu bosi ni mtu wa namba. Nimpelekee nini mezani?

Binti_Hesabu

Namba zake mwenyewe. Waliomba wangapi, walioitwa, walioajiriwa, waliopanda cheo, walioondoka, kwa mwanamke na mwanamume, kwa umri. Utaona bomba linavuja wapi. Kama wanawake wanaingia vizuri na kukwama kabla ya ukuu wa idara, shida haipo kwenye tangazo, ipo kwa anayegawa kazi kubwa. Ongeza mishahara: mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, unataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kwa hiyo usilinganishe vyeo vyenye jina moja tu.

Mzee_wa_Usaili

Naongezea tahadhari. Ulemavu, afya, dini, hayo mtu ajaze kwa hiari na bila jina. Na idara yenye watu wanne usitoe jedwali lake, kila mtu atajua nani ni nani. Semina mwachie afanye kama roho yake iko huko, ila iwe ya hiari, na ije baada ya utaratibu wa usaili kubadilika.

Karani_Mkuu

Sawa mzee. Naanza na orodha ya waliopandishwa vyeo, hiyo ninayo kabatini. Ya waombaji sijui kama tulitunza zaidi ya waliopata. Mwenye fomu ya alama za usaili aniwekee hapa.