Nimefukuzwa kwa utoro bila hati ya mashtaka, na mshahara ulikatika miezi 3 kabla ya barua. Nianzie wapi?

Nesi wa Zahanati (14 Julai)

Habari zenu ndugu. Mimi ni muuguzi, nimeajiriwa na halmashauri moja kanda ya ziwa hapa Tanzania, huu ni mwaka wa 11. Zahanati yetu ina watumishi 3 tu. Wazazi wanaokuja kujifungua usiku ni wangu miaka yote, kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Naanza na hilo ili mjue sina mazoea ya kutega kazi.

Februari mwanangu wa miaka 6, mwenye selimundu, alizidiwa usiku. Nilimwambia mganga mfawidhi kwa mdomo, nikamwachia barua ya kuomba ruhusa mezani kwake, nikaondoka na mtoto hospitali ya rufaa. Alilazwa, akaongezwa damu mara 2. Nilikuwa nje siku 9 za kazi. Niliporudi nilipangiwa zamu kama kawaida, hakuna aliyeniuliza kitu.

Mshahara wa Machi haukuingia. Nikadhani ni benki. Nilipokwenda halmashauri, afisa utumishi akaniambia jina limezuiwa, nisubiri barua. Aprili kimya, Mei kimya. Muda wote huo nipo kazini, nazalisha, nasaini kitabu cha mahudhurio kila asubuhi. Barua nimeipokea 19 Juni, imeandikwa 3 Juni: nimefukuzwa kazi kwa utoro. Sijapewa hati ya mashtaka. Sijaitwa kwenye kamati yoyote. Sijaulizwa hata nilikuwa wapi.

Nina mkopo wa benki, nina kikoba, mwenye nyumba ameshakuja mara 2. Naomba mnisaidie: niende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)? Na ile miezi niliyofanya kazi bila kulipwa, naidai kwa nani?

Kijana wa Igoma

Pole sana dada. Nenda CMA leo hii, jaza fomu. Siku za kulalamikia kufukuzwa ni 30, kwa hiyo umebakiwa na 5 tu. Shemeji yangu alifukuzwa kiwandani bila kusikilizwa, akashinda, akalipwa fidia ya mishahara ya miezi 12. Usichelewe.

Katibu wa Tawi

Kaka hapo juu, najua umeandika kwa nia njema, lakini kwa huyu dada njia hiyo ni shimo. Shemeji yako aliajiriwa na mtu binafsi. Huyu ni mtumishi wa umma. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, ina kifungu cha 32A kinachotaka mtumishi amalize kwanza rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Na 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta lililosikilizwa Mtwara, ilisema CMA haina mamlaka juu ya migogoro ya watumishi wa umma. Nimewasindikiza watu walioshinda CMA, wakasherehekea, halafu uamuzi huo wa CMA ukafutwa Mahakama Kuu kwa sababu hiyo moja. Wakigeuka nyuma, siku za rufaa zilishapita zamani. Inaniuma kila nikikumbuka.

Dada, rufaa yako ni kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Dodoma. Una siku 45 tangu ulipopokea uamuzi. Umepokea 19 Juni, hesabu hadi 3 Agosti. Umeshatumia 25. Kama ulisaini dispachi (kitabu cha kupokelea barua) siku ile, tarehe yako inajulikana hata kwao. Usipoteze barua wala bahasha yake.

Najua moyo unataka kuanza na mtoto. Usianze na mtoto. Utoro unaozidi siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi unaweza kumfukuzisha mtumishi, na siku 9 ni nyingi, tusidanganyane. Nguvu yako iko kwenye utaratibu. Kwa kosa zito kiasi hicho ulistahili hati ya mashtaka, nafasi ya kujibu kwa maandishi, kamati ya uchunguzi, na wewe kusikilizwa. Haki ya kusikilizwa na ya kukata rufani imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a). Hiyo iwe hoja ya kwanza, aya mbili zinatosha. Mtoto aje baada ya hapo kama sababu ya msingi: karatasi ya kuruhusiwa wodini, kadi ya kliniki ya selimundu, tarehe zake zioane na zile siku 9.

Mshahara uandikie hoja yake peke yake, usiufunike ndani ya kufukuzwa. Hata anayesimamishwa kupisha uchunguzi hulipwa angalau nusu. Wewe hukusimamishwa, ulikuwa wodini na wazazi. Omba nakala ya kitabu cha mahudhurio kuanzia Machi. Rejista ya wazazi itaje kwa tarehe tu, usipige picha kurasa zenye majina ya wagonjwa, wasije wakakupatia kosa jingine la kweli.

Angalia pia hati zako za mshahara. Kama ulikuwa unakatwa ada ya chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, chama hicho kina wajibu wa kukusindikiza.

Dereva wa Zamani

Mwanangu, pole. Mimi ni darasa la saba, dereva wa serikali tangu 1998. Wakati wa uhakiki wa vyeti, 2017, niliondolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Sikughushi kitu, sijawahi kumwambia mtu kwamba nilisoma sekondari. Waraka uliotaka kidato cha nne ni wa 20 Mei 2004, mimi nilishaingia kitambo. Aprili 2018 Serikali ikatamka bungeni kwamba sisi tulioajiriwa kabla ya tarehe ile turudishwe na tulipwe mishahara ya miezi tuliyokaa nje.

Nilipofika masijala, jalada langu lilianzia 2009. Barua ya ajira haimo. Aliyeniokoa ni mama watoto, aliyeitunza kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Wenzangu 2 tulioajiriwa siku moja hawakuwa na karatasi, nao walizungushwa mpaka wakachoka.

Kwa hiyo kila unachopeleka, beba nakala 2. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Mtu akikwambia acha tu mezani, usiache. Barua yako ya Februari iliachwa mezani. Kamwombe mganga mfawidhi aandike kwa mkono wake kwamba ulimuaga.

Nesi wa Zahanati (29 Julai)

Nimerudi, ndugu zangu. CMA sikwenda.

Mganga mfawidhi mwanzoni alikataa, alisema ana familia na yeye. Sikumlaumu. Nikamwendea tena Jumapili jioni nikiwa na mwanangu. Ameandika mistari 4 na kusaini. Barua yangu ya Februari aliikuta kwenye faili la maombi ya dawa, na mwandiko wangu na tarehe vipo.

Rufaa nimeituma kwa EMS, ile huduma ya haraka ya posta, 24 Julai, risiti ninayo. Nakala nimeipeleka halmashauri. Kweli mzee wangu, waliniambia niache mezani. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa 8 mchana, mhuri ukagongwa, nikaondoka. Katibu, ada ya chama nilikatwa hadi Februari, wamenipa mtu wa kufuatilia.

Mshahara bado. Mtoto amerudi shule. Kuna zahanati ya misheni inanihitaji kwa muda, nikienda nitaharibu rufaa?

Katibu wa Tawi

Nenda, watoto wale. Hao waliokufukuza hawawezi kukuzuia kufanya kazi kwingine. Nakala ya mkataba iweke na ile risiti ya EMS. Tume ikiandika, weka hapa tulichokipata, kuna wengine wanasubiri.