Tupeane uzoefu: Debian ya tangu 1993, bado inamfaa mtumiaji wa leo?

Fundi wa Nakuru (mwanzisha mada)
Wakuu, salamu. Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naletewa laptopu nyingi za mtumba kutoka Uingereza, hasa zenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha pili na cha tatu. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, kwa hivyo hizi hazimo. Mimi huziwekea Debian, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux. Sasa kijana mmoja hapa mtaani Section 58 ameniambia nawapa watu mfumo wa babu zao. Nilicheka, ila swali lake lina uzito. Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, toleo jipya hutoka takriban kila miaka miwili, na katikati hapo programu nyingi hubaki zilivyo, zikizibwa tu mianya ya usalama. Mtu wa leo anaweza kuishi hivyo? Nawataka waliotumia wenyewe. Ushabiki wa Linux na Windows tuuache kijiweni.

Mama Saiba, Kondele
Kwangu jibu ni ndiyo, bila kusita. Mteja wa saiba anataka nini? eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), barua pepe, CV, kuchapisha. Vyote viko kwenye kivinjari au LibreOffice, programu huria za ofisi. Hakuna aliyewahi kuniuliza huu ni mfumo gani. Wanauliza Word imeenda wapi, nawaonyesha Writer ya LibreOffice, tunaendelea.

Kilichonifurahisha zaidi ni bando. Niliweka apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi masasisho, kwenye mashine moja. Hiyo hupakua masasisho mara moja, zile nyingine huchukua kwake bila kugusa intaneti. Na kwa kuwa toleo la stable, yaani lile thabiti, halibadilikibadiliki, siamki asubuhi nikute vitu vimehamishwa wateja wakiwa wamepanga foleni.

Stima ya huku huondoka bila kuaga. Ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, ina jarida la kumbukumbu za mabadiliko, kwa hivyo mashine ikiwashwa hujirekebisha yenyewe mara nyingi. UPS nunueni hata hivyo, maana barua ambayo mteja hajaihifadhi haina wa kuiokoa.

Printa ndiyo fumbo. Ile ya HP ilikubali mara moja kwa HPLIP, draiva za HP za Linux. Nyingine, ya kampuni nisiyoitaja, haikuwa na draiva ya Linux nikaiuza.

Mwalimu, Butere
Dada wa Kondele, wewe una bahati hupokei mitihani ya Word kutoka kwa wenzako. Mimi nilikuwa nafungua karatasi ya maswali, jedwali limevuka ukurasa, swali la tano limekatika katikati. Nikadhani LibreOffice ndiyo mbovu. Kumbe ni fonti: faili limeandikwa kwa Calibri, na Debian haina Calibri kwa sababu si fonti huria. Mpwa wangu akaniwekea fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Carlito ina upana uleule wa herufi za Calibri, Caladea vilevile kwa Cambria, basi mistari ikarudi mahali pake. Tangu hapo sijasumbuka na karatasi ya mtihani.

Lakini jedwali la alama la shule, lile la Excel lenye makro (amri za kujiendesha), limenishinda. Nikifika mwisho wa muhula naomba kompyuta ya mwenzangu. Kwa hivyo sitasema Debian imenitosha. Imenitosha muhula mzima isipokuwa wiki ile ya ripoti.

Fundi wa Nakuru
Mwalimu, hizo fonti mbili nami huzitia kabla sijamkabidhi mtu mashine. Makro za Excel, ukweli, sina dawa. LibreOffice huendesha baadhi, ila zikiwa ndefu hukwama. Anayeishi ndani ya faili kama hilo simbadilishii mfumo, hata akiniomba.

Msanifu wa mabango, Nakuru mjini
Nilijaribu, nikarudi. Adobe haitengenezi Photoshop wala Illustrator ya Linux, na wachapishaji ninaofanya nao kazi wanataka faili la CorelDRAW. Inkscape, programu huria ya kuchora, ni nzuri, lakini mteja anasubiri bango la mazishi la kesho asubuhi. Hapo si pa majaribio.

Mwanafunzi, Kakamega
Mimi nami ni kama yule kijana wa "mfumo wa babu", ila wa Kakamega. Nilipoandika pip install (amri ya kuweka vifurushi vya lugha ya Python) mara ya kwanza kwenye Debian 12, ikanikatalia kwa ujumbe wa "externally-managed-environment". Nilidhani mfumo umeharibika. Baadaye nikaelewa: Debian inalinda Python yake, ile inayotegemewa na zana za mfumo wenyewe, isichafuliwe na vifurushi vyangu. Unaunda mazingira yako kwa python3 -m venv na unafanya utakalo humo. Programu za mezani ninazozitaka mpya kabisa huzichukua kwa Flatpak, njia ya kuweka programu pembeni bila kugusa mfumo. Chini mzee, juu kijana. Sasa silalamiki, ila nasema wazi: ningekuwa sina hamu ya kusoma, ningeacha siku ileile.

Mstaafu, Milimani Kisumu
Mnamwita Debian mzee? Slackware, Linux nyingine, ya Patrick Volkerding ilitoka Julai 1993, mwezi mmoja kabla ya huyo babu yenu. Toleo la 14.2 lilitoka 2016, tukangoja 15.0 hadi Februari 2022. Zana yake ya vifurushi haikutafutii programu tegemezi. Ukikosa kitu, utakitafuta mwenyewe. Naipenda kwa sababu nina muda, na hamu pia. Simpendekezei mtu mwenye ajira.

Msomaji, Busia
Niliiacha Debian zamani kwa ajili ya waifai, kisakinishi hakikuiona kabisa. Siku hizi je?

Fundi wa Nakuru
Hilo lilikuwa suala la msimamo wao: kisakinishi rasmi hakikubeba firmware isiyo huria, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama waifai. Walipiga kura mwaka 2022 wakabadilisha, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 imo. Jaribu tena. Faili la netinst, kisakinishi kidogo kinachopakua mengine mtandaoni, halifiki GB moja.

Mgeni, Bungoma
Fundi, nimeweka, lakini nikiandika sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi) naambiwa jina langu halimo kwenye "sudoers".

Fundi wa Nakuru
Ulimpa root, yule mtumiaji mkuu, nenosiri wakati wa kuweka. Ukiliacha tupu, Debian hukupa sudo moja kwa moja. Sasa andika su - (usisahau kistari), kisha usermod -aG sudo ikifuatiwa na jina lako, utoke, uingie upya.

Mgeni, Bungoma
Imekubali. Nina nyingine ya Pentium 4, RAM GB moja. Nayo?

Fundi wa Nakuru
Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32, kama zilivyo nyingi za Pentium 4, hivyo utaweka 12. Itawaka, tena bila shida. Ila ukifungua YouTube utajuta. Iwekee diski kubwa, isambaze mafaili kwa zile nyingine za nyumbani, kivinjari usikiguse.