Prithvi Narayan Shah: Gorkha ndogo iliwezaje kuimeza Kathmandu?

msomaji_southb: Wadau, kikundi chetu cha historia hapa South B kinajadili Nepal Jumamosi. Gorkha ilikuwa maskini, bonde la Kathmandu lilikuwa na pesa. Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alishinda kwa bunduki ama kwa nini hasa?

ramani_mkononi: Bunduki alizifuata Banaras, India, mapema, ila usianzie hapo. Anzia Nuwakot, aliyoiteka 1744. Ndiyo iliyoshika njia ya Tibet kupitia Kerung, na wafalme wa ukoo wa Malla, waliotawala bonde, walikula humo: waliipigia Tibet sarafu za fedha. Kisha Makwanpur, 1762, mlango wa kusini. Mir Qasim, nawabu wa Bengal, alituma jeshi huko, likapigwa. Bonde likawa limebanwa juu na chini. Chumvi na pamba zikazuiwa. Aliyekamatwa akipenyeza mzigo alinyongwa mtini kando ya njia. Hebu fikiria Nairobi ikifungiwa Mlolongo, Limuru na barabara ya Thika kwa pamoja, tena kwa miaka.

kuta_na_ngome: Kweli, lakini umeruka Kirtipur, mji wa bondeni. Mji ule uko kilimani na ulikuwa na kuta, kwa hiyo wa chini ndiye huumia. Mwaka 1757 alivamia, majeshi ya bondeni yakaungana, na Kalu Pande, kamanda wake mkuu, akauawa. Mara ya pili, 1764, nduguye Surapratap alitobolewa jicho. Mji ulianguka kwenye shambulio la tatu, baada ya kuzingirwa, na wanaume wengi wakakatwa pua. Msilifiche hilo mkimsifu.

msomaji_southb: Asanteni. Na Waingereza walikuwa wapi?

ramani_mkononi: Jaya Prakash Malla wa Kathmandu aliwaomba. Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ikamtuma Kapteni Kinloch 1767, katikati ya mvua: malaria ya Tarai, tambarare ya kusini, chakula kikaisha, na waliobaki wakachapwa Sindhuli. Septemba 1768 Wagorkha wakaingia Kathmandu watu wakiwa kwenye sherehe za Indra Jatra. Jaya Prakash alikimbilia Patan, halafu Bhaktapur, miji mingine ya Wamalla bondeni; Bhaktapur nayo ikaanguka 1769. Wamalla hao walikuwa ukoo mmoja, lakini kila mmoja alimwinda mwenzake.

kuta_na_ngome: Nyongeza moja: alikufa 1775 bila kuugusa upande mkubwa wa magharibi. Falme ndogo nyingi za huko, za makundi ya Baise (22) na Chaubise (24), zilimezwa baadaye, hasa chini ya mwanawe Bahadur Shah. Kwa hiyo ramani yenu ya 1775 msiipake rangi hadi Kumaon, mbali magharibi.