Kuzaa na dume au kuzaa bila dume: nadharia gani inawaingia?

Kaka_Rongai:
Wadau habari za jioni. Kuna swali linanisumbua tangu nianze kupigana na vidukari kwenye sukuma wiki hapa nyuma ya nyumba. Geuza jani utapata jike mnene amezungukwa na vitoto, wote majike, hakuna yai hakuna dume, wanatoka wakiwa hai na vingine vinazaliwa tayari vimebeba wadogo ndani. Sasa kama kuzaa ni rahisi hivyo mbona karibu wanyama wote wanahangaika na mambo ya dume na jike? Nimesoma nadharia tatu: kusafisha jeni mbovu, kukwepa magonjwa, na kukarabati DNA. Nyinyi mnaamini ipi na kwa nini?

Mwalimu_Bayo:
Swali zuri sana. Kwanza jua hasara yake. Jike asiyehitaji dume watoto wake wote wanazaa, lakini mwenye dume nusu ya watoto wake ni madume na hawazai, kwa hivyo ukoo wa kwanza unaongezeka mara mbili haraka zaidi. Mwanabiolojia John Maynard Smith wa Uingereza ndiye aliyeipigia hesabu vizuri hiyo hasara miaka ya 70. Lazima faida iwe kubwa.

Mimi naanza na nadharia ya kusafisha jeni mbovu, ya mwanasayansi wa jeni Hermann Muller, 1964. Kuzaa bila dume ni kama fotokopi ya fotokopi, kila doa, yaani kosa la jeni, linabaki na madoa mapya yanaongezeka. Wawili wakichanganya jeni kuna watoto wanapata madoa mengi na wanakufa, na wengine wanatoka safi kuliko wazazi.

Ndizi_Muranga:
Sawa mwalimu lakini madoa yanachukua muda mrefu, ugonjwa haungoji. Sisi ndizi tunapanda machipukizi, shamba zima ni mmea mmoja uliorudiwa rudiwa. Aina ya ndizi inayoitwa Gros Michel ndiyo iliuzwa dunia nzima mpaka miaka ya 50 hivi, mnyauko unaoletwa na kuvu ya Fusarium ukaipitia Amerika ya Kati, kampuni zikahamia aina nyingine, Cavendish. Na Cavendish nayo sasa imepata aina yake ya mnyauko, 2013 ikaripotiwa Msumbiji. Kuvu ikishajua kufungua mmea mmoja imefungua yote.

Fundi_Maabara:
Niko na wewe kabisa, na ushahidi upo. Kuna konokono wadogo wa maji New Zealand, wengine wanazaa na madume wengine hawana haja nao, na ziwa ni lilelile. Mtafiti Curtis Lively akakuta kwamba pale minyoo vimelea ni wengi, ndugu za hawa wa kichocho, wanaoharibu uzazi wa konokono, ndipo madume ni wengi. Halafu 2011 watafiti wakachukua minyoo ya maabara ya milimita 1, C. elegans, wakaishindanisha na bakteria anayewaua. Wale waliolazimishwa kujitungisha wenyewe waliisha kabla ya vizazi 20, waliopandana na wengine wakabaki.

Kaka_Rongai:
Na vidukari je? Mbona hawaishi?

Mwalimu_Bayo:
Hao wana njia zote mbili! Nchi za baridi, majira yakigeuka wanazaa madume, wanapandana, wanataga mayai yanayovumilia baridi. Hapa kwetu hakuna baridi ya kuwalazimisha ndiyo maana unaona majike tu. Wa ajabu kweli ni rotifa, vijidudu vya majini, wa kundi la bdelloid, hakuna aliyewahi kuona dume lao, na wamekuwepo mamilioni ya miaka. Lakini hata wao wanakauka kabisa, upepo unawabeba, kuvu wanaowala wanabaki nyuma. Kwa hiyo hoja ya magonjwa inasimama.

Fundi_Maabara:
Ila Kaka tutenganishe maswali mawili. Kwa nini kujamiiana kumedumu, hapo nasema magonjwa, na madoa yanasaidia. Kulianzaje ni jambo lingine, na hapo ndipo ile nadharia yako ya tatu, ya ukarabati, naipa nafasi: seli mbili zikiungana, DNA iliyoharibika ya moja inaweza kurekebishwa kwa kufuata ya mwenzake. Mwani wa Chlamydomonas una seli moja, ukiwa na chakula unagawanyika tu, ukinyimwa naitrojeni ndipo seli zinaungana mbili mbili, saizi moja, hakuna dume hakuna jike. Inaonekana shida ilitangulia, jinsia zikaja baadaye. Na ni kitu cha zamani mno: Giardia, kimelea huyu wa seli moja anayewaharisha watoto mitaani, amekutwa na jeni za kuunda seli za uzazi, na mwani mwekundu Bangiomorpha, kisukuku kutoka Kanada cha miaka kama bilioni 1, tayari unaonyesha dalili za uzazi wa kijinsia.

Ndizi_Muranga:
Bilioni moja! Na zile ndizi za mwituni zenye mbegu, wanazotumia watafiti kuzalisha aina mpya, mbegu zake zinapatikana wapi hapa Nairobi, kuna anayejua?